Mahameli Iliyokatwa Kinyume

Tangu daktari atamke lile neno, Randa hakuwahi kumbishia Sindano hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa likimmaliza mwanamke wa watu. Si ile punje iliyokuwa kichwani mwake. Punje ilikaa kimya, haiumi wala haiwashi, na asingejua hata kama ipo laiti siku ile mkono wa kochi usingeporomoka kutoka juu ya rafu na kumpiga utosini. Walimkimbiza hospitali kuangalia kama fuvu limepata ufa. Picha ikapigwa, fuvu likaonekana zima kabisa, ila ndani yake, bila kuitwa na mtu, kikaonekana kijishipa cha damu kilichotuna.

Daktari alisema kinaitwa anurizimu. Akaeleza kwamba ukuta wa mshipa umekuwa dhaifu mahali pamoja, basi damu ikipita panavimba kidogo, na pakivimba sana panaweza kupasuka. Aliendelea kusema mengine mengi, na mengi ya hayo yalikuwa ya kutia moyo, lakini Randa alikuwa ameshafika kwenye neno kupasuka na hakutoka hapo. Alirudi nyumbani na neno hilo moja tu.

Wawili hawa walikuwa na karakana ya makochi. Yeye Randa alikuwa wa mbao, na jina lilimkaa kwa sababu angeweza kuupiga randa ubao mmoja asubuhi nzima mpaka mteja akasahau alichoagiza. Sindano alikuwa wa vitambaa, na jina lake halikutokana na kushona peke yake. Siku ya kwanza kuja kuomba kazi, kabla hata hajakaribishwa, alimwambia mwenye karakana kwamba fremu yake imepinda. Randa akabisha. Wakapima. Ilikuwa imepinda. Kuanzia hapo waligombana kila siku ya Mungu, kwa raha zao, juu ya sponji, gundi, mguu wa kiti na namna ya kunywa chai, na ilikuwa katikati ya ugomvi mmoja wa zipu ambapo Randa alitupa bisibisi mezani na kusema, basi nikuoe, tukagombanie nyumbani kwa nafasi. Sindano alijibu kwamba afadhali, maana karakana ina vumbi.

Sasa mtazame Randa wa leo. Nyundo ameifungia kabatini eti isimshtue, misumari ameiacha, kila kitu anakaza kwa skrubu, polepole, mpaka kiganja kimetoka malengelenge. Redio imezimwa. Mteja akiingia na sauti kubwa anaashiriwa kwa kidole. Na neno lile, mpenzi, ambalo zamani hakuwa nalo kabisa, limekuja pamoja na ugonjwa: umeamkaje kichwa mpenzi, keti mpenzi, usiiname mpenzi. Sindano alikuwa akilisikia meno yanamsisimka.

Asubuhi hiyo aliamua kumchokoza.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama wa miwani yenye kamba, aliyetaka kochi lake la watu watatu livishwe upya mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande wake. Ukiipapasa kwenda chini inalala na kung'aa. Ukiipapasa kwenda juu inakwaruza kiganja na kugeuka nyeusi. Vipande vyote lazima vikatwe vikiangalia upande mmoja, la sivyo kochi moja litaonekana limeshonwa kwa vitambaa viwili. Hilo halina ubishi katika kazi yao, ni jambo la kwanza kufundishwa. Sindano akachukua kipande cha mgongo wa katikati, akakigeuza juu chini kwa makusudi, akakata. Roho ilimuuma kwa ajili ya kitambaa, lakini alikata. Akakishona, akakivuta juu ya sponji, akakibana kwa stepla, kisha akamwita mwenzake aje aone.

Randa alikuja akijifuta vumbi kwenye aproni. Alipitisha kiganja juu ya mgongo wa kochi kuanzia kushoto, na kilipofika katikati kikasita. Alikuwa amejua. Sindano aliliona taya likikaza, akaiona pumzi ikivutwa, na moyo wake ukaanza kumwenda mbio kwa tamaa ya kugombezwa.

"Nzuri," alisema Randa.

"Nzuri?"

"Imekaa vizuri. Sasa pumzika kidogo mpenzi, umesimama sana."

"Hebu papasa tena."

"Nimeshapapasa."

"Umeona nini?"

"Nimeona kochi," alisema, na macho yake yalimpita begani, yakatua kwenye mbao zake. Akageuka na kurudi kazini.

Sindano alibaki ameshika mkasi hewani. Mwanaume aliyewahi kumnunia kutwa nzima kwa kifungo kimoja kilichokaa upande leo anapitishiwa kochi la rangi mbili na anasema nzuri. Huyo alikuwa hampendi tena, au alikuwa anampenda kama anavyopendwa marehemu. Hakujua lipi baya zaidi. Alichojua ni kwamba angeweza kuketi hapo akalia, na Randa angekuja mbio, amshike mkono, na asiulize kitu.

Kabla hajaamua, aliingia mama yake Randa. Alikuja kwa hatua za mtu anayeingia wodini, akaitikia shikamoo kwa kunong'ona, akamuuliza mwanangu umelala vipi, akaketi ukingoni mwa kiti. Mkwe huyu mtarajiwa hakuwa mtu mbaya. Sindano alimpenda, na zamani walicheka pamoja mpaka majirani wakagonga ukuta. Leo alizunguka na maneno, akaulizia hali ya hewa, akaisifia mahameli bila kuitazama, mwisho akafika alikokuwa anakwenda. Alisema wamefikiria, na wanaona harusi yao iliyokwisha kupangwa isogezwe mbele. Si kuvunjwa, hapana, isogezwe tu, mpaka picha nyingine ipigwe mwakani na ijulikane moja.

"Nani amefikiria, mama?"

"Tumeongea na mwenzako."

Sindano alimgeukia Randa. Alikuwa amepiga magoti kando ya fremu, bisibisi mkononi, anazungusha skrubu ambayo ilikuwa imeshakaza zamani.

"Mmeongea lini?"

"Mama ana hoja," alisema Randa, akiiambia fremu.

"Nimeuliza lini."

Mama ndiye aliyejibu, na alijibu kitu kingine kabisa. Alisema ndoa ina kelele zake, mwanangu, hata iwe nzuri vipi. Ina uchovu, ina mimba na kuzaa. Na ina kubishana. Hapo akaukunja mtandio wake mapajani.

"Baba yake huyu alianguka tukiwa tunabishana," alisema. "Kuhusu mlango. Mlango wa uani haukuwa unafunga, nikamwambia wewe ni seremala gani mlango wako haufungi. Akainua kidole anijibu. Hakunijibu mpaka leo. Huyu alikuwa amesimama pale pale na daftari la shule mkononi. Basi mimi nikisikia mtu amepaza sauti kwenye nyumba, mwili wote unakufa ganzi. Sitaki ayaone tena."

Randa hakuinua kichwa. Sindano, ambaye miaka yote hakuwahi kuambiwa habari ya ule mlango, alihisi hasira yake ikikosa mahali pa kusimama. Utamgombeza nani hapo? Alimsogelea mama, akamshika mkono, akamwambia pole, na alimaanisha. Lakini hasira haikuondoka. Ilikaa tu pembeni ikimsubiri.

"Mchana huu nina miadi kliniki," alimwambia Randa. "Tunakwenda wote, na unaingia ndani."

"Nilishaingia siku ile."

"Siku ile ulisikia neno moja ukaziba masikio. Leo utakaa, utauliza yote unayoyanong'ona na mama yako, na utajibiwa. Ukitoka hapo bado unataka kusogeza harusi, utaniambia mwenyewe, usoni. Usinitumie mama."

Alitegemea abishe. Alisema sawa mpenzi, akaenda kunawa mikono.

Kliniki walikaa kwenye benchi. Nesi alimfunga Sindano ule mkanda wa kupimia presha mkononi, akaupuliza, akasoma, akamtazama usoni, akaupuliza tena. Aliandika namba na kuwaelekeza mlango wa pili kulia. Sindano aliiona ile namba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani Randa angebaki nje.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti kavu na macho ya huruma. Kiti chake kilikuwa kimechanika pembeni, sponji imechungulia nje. Wote wawili walikitazama, kisha wakatazamana, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi walikubaliana jambo bila kudanganyana. Hilo lilimuuma Sindano kuliko maneno.

Daktari aliiweka picha kwenye skrini na kuonyesha kwa kalamu. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo hata ukielekezwa unakitafuta.

"Milimita tatu," alisema. "Kwa ukubwa huu, na mahali kilipo, uwezekano wa kupasuka ni mdogo sana. Sisemi haupo. Nikikwambia haupo nitakuwa nakudanganya. Lakini kukifanyia upasuaji nako kuna hatari, na kwa hiki chako hatari hiyo ni kubwa kuliko ya kukiacha. Ndiyo maana tunakiangalia. Tunapiga picha nyingine, tuone kama kinakua au kimetulia. Vya namna hii watu wengi wanavyo, wanazeeka navyo, na hawajui."

Randa alikohoa. Kisha, kama mtu aliyekuwa amebana mlango kwa bega na sasa amechoka, alianza kuuliza. Anaweza kunyanyua vitu? Vya kawaida ndiyo, akasema daktari, asijikamue kubeba kochi zima peke yake, na kwa nini abebe kochi peke yake. Je, kuinama? Ainame tu. Safari? Asafiri. Harusi? Daktari akaonekana kutoelewa swali, akasema waoane. Na kuzaa? Hilo alilichukulia kwa uzito zaidi. Alisema wakipanga mimba wamwambie mapema, kwa sababu kuna dawa zitabadilishwa na atafuatiliwa kwa karibu, lakini hakuna aliyewakataza. Akaongeza kwamba sigara asiguse, na kichwa kikiuma ghafla, maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani, wasisubiri kuona kutakuchaje. Waje mbio.

Randa alikuwa ameinamia viganja vyake vyenye malengelenge.

"Naweza kugombana naye?" aliuliza.

Daktari aliweka kalamu chini. Sindano alitazama pembeni kwa sababu machozi yalikuwa yamemjia na hakutaka yaonekane.

"Nauliza kwa sababu baba alianguka akiwa anabishana na mama," Randa aliendelea, kwa sauti ndogo. "Mama anaamini ni yeye."

"Baada ya kuanguka alipimwa? Ilijulikana ni nini?"

"Hapana."

"Basi hakuna anayejua kilichomwangusha. Mama yako amebeba mzigo ambao hakuna anayeweza kusema ni wake. Ukikasirika presha inapanda, halafu inashuka. Sikushauri umpigie mwenzako makelele kutwa, na hilo ningemwambia mtu yeyote. Lakini presha isiyotibiwa inakaa juu asubuhi, mchana na usiku, na haijali kama mnapiga kelele au mnanong'ona. Hiyo ndiyo inayouchosha mshipa. Na hapo sasa ndipo ninapotaka kumuuliza mwenzako kitu."

Akageuza karatasi ya nesi, akaisoma, akamtazama Sindano.

"Vile vidonge vya presha unameza?"

Sindano alikitazama kiti kilichochanika. Kingehitaji nusu mita tu ya kitambaa.

"Nilimeza mwanzoni."

"Halafu?"

"Halafu nikaacha."

Alihisi Randa akigeuka kumtazama, taratibu, mwili mzima. Daktari alisema yaliyompasa kusema, bila kumzomea, na hayo yalikuwa mabaya zaidi. Alisema kidonge kimoja kila siku ndicho ulinzi mkubwa alionao, kuliko kupumzishwa kote na kubembelezwa kote. Akamwandikia vingine. Wakaaga.

Walipita ukumbi, wakapita duka la dawa, wakatoka mlango mkubwa. Randa alishuka ngazi zote mpaka chini ndipo akasimama.

"Umeviweka wapi?"

"Punguza sauti, watu wanatutazama," alisema Sindano, na hakuamini maneno hayo yametoka kinywani mwake.

"Sipunguzi. Vidonge viko wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo."

"Kwenye kopo la vifungo." Alizunguka hatua mbili akarudi. "Mimi nimefungia nyundo. Nimekaza karakana nzima kwa bisibisi mpaka ngozi imetoka. Nimezima redio. Nimemkataza mama yangu mzazi kucheka kwa sauti. Nalala macho yakiwa kwenye dari nikisubiri simu kwamba umeanguka. Na wewe kitu pekee ulichoambiwa ukifanye, kidogo hivyo, cha kumeza na maji, umekitupa kwenye vifungo?"

"Sikukitupa."

"Ulikiweka kipate joto?"

Sindano alikuwa amelitamani hili kwa majuma mengi, na sasa lilipokuja halikuwa na utamu aliokuwa akiufikiria. Lilichoma. Alitaka kujitetea, akatafuta neno la kuchoma nalo kama ada yake, akakosa, ikabaki kusema kweli tu.

"Nikikimeza kila asubuhi, nakuwa mgonjwa kila asubuhi," alisema. "Wewe ulishanifanya mgonjwa mchana kutwa. Nilitaka walau asubuhi ibaki yangu."

Mzee mmoja aliyekuwa akipanda ngazi kwa mkongojo aliwapita pole pole, akisikiliza bila aibu.

"Na mimi nikuzike kwa sababu ya asubuhi?" alisema Randa, na sauti ilimkatika.

Hapo Sindano akalia waziwazi. Alisema amekosa. Alisema naye anaogopa, anaogopa sana, hajamwambia mtu, na kila alipotaka kumwambia yeye, alimkuta ameshaogopa zaidi na hapakuwa na nafasi ya hofu ya pili. Randa aliinua mkono amfute machozi, akauteremsha.

"Sikubembelezi," alisema. "Nimekasirika."

"Usinibembeleze. Endelea."

"Unadhani nafanya hivi kukufurahisha? Nimekasirika kweli."

"Najua ni kweli. Ndiyo maana nasema endelea."

Aliendelea. Aliendelea njiani kote, na Sindano alimjibu pale alipokuwa na jibu, na pale alipokosa alikubali, jambo ambalo lilimshtua Randa hata akapoteza mtiririko. Alimsema kwa vidonge, na kwa kupanda juu ya stuli akijua anazuiwa. Naye Sindano alimsema kwa kukaa na mama yake kupanga maisha yake kama vile yeye ni samani ya kusogezwa. Hilo Randa hakulipinga. Alisimama pale pale barabarani akampigia mama yake simu, akamweleza alichosema daktari, chote, bila kuficha hatari iliyopo wala kuikuza. Akasema harusi iko palepale. Kisha akageuka upande wa ukuta.

"Na mama," alisema, "nimemuuliza habari ya baba. Anasema hakuna anayejua. Huwezi kusema ni ule mlango."

Kwa muda mrefu alisikiliza tu, simu sikioni, kichwa kimeinama. Sindano hakumsogelea, akamwacha na mama yake.

Karakana waliikuta kama walivyoiacha. Sindano alikwenda moja kwa moja kwenye kopo la vifungo, akachambua, akatoa kidonge, akakimeza kwa maji ya bomba mbele ya Randa, na akabaki ameshika kikombe. Kilikuwa kidonge tu. Hakujisikia mgonjwa wala mzima. Randa hakumpongeza, na Sindano alimshukuru kwa hilo.

Randa alikuwa amesimama mbele ya kochi la mwalimu mkuu. Mwanga wa alasiri ulikuwa umeingia dirishani na kuanika kila kitu: migongo miwili imeng'aa, wa katikati mweusi tititi. Randa akaweka kiganja juu yake, akakipandisha, akakishusha.

"Umekata kinyume," alisema.

"Umejua saa ngapi?"

"Nilipokigusa tu. Nimekaa nayo kooni tangu asubuhi. Mtu mwenye akili zake, mahameli ya mteja, unaikata kichwa chini? Kitambaa kilichobaki kinatosha kipande kimoja. Ukikosea tena, mwalimu mkuu utakwenda kumweleza wewe mwenyewe, mimi simo. Fumua hiyo, Sindano."

Alikuwa amemwita Sindano, si mpenzi. Sindano alichukua koleo, akaketi sakafuni, akaanza kung'oa pini za stepla moja moja, huku akimwambia kwamba kosa ni la wote wawili, maana aliyeitwa kukagua alisema nzuri, na fundi gani anasema nzuri kwenye kochi la rangi mbili. Randa alimjibu kwamba angefumua upesi zaidi kama mdomo wake ungepumzika. Kisha akaenda kabatini, akageuza ufunguo, akatoa nyundo.